Mkono Mmoja Haulei Mwana

Jumapili moja ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa nilihubiri habari za Katharina von Bora, mke wa Martin Luther. Nilimsifu sana. Nilisema kwamba aliamka alfajiri kabla ya watu wote, alifuga nguruwe, alilima bustani, alilisha watu wengi mezani pake, alizaa watoto sita, na katikati ya hayo yote akasoma Biblia. Nikawahimiza akina mama wa usharika wetu wamwige.

Ibada ilipokwisha nilisimama mlangoni kupeana mikono na washarika. Akaja mama mmoja kijana. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Mkononi alimshika wa miaka miwili na nusu, aliyekuwa analia, na nyuma yake mkubwa wa miaka sita alibeba mkoba wa nepi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mchungaji, naomba niulize. Huyo Katharina, nani alikuwa anamshikia mtoto?"

Nilicheka, nikamwambia nitaangalia vitabuni. Yeye hakucheka. Alisema kwamba tangu ajifungue hajapata kulala saa tatu mfululizo, kwamba mumewe anafanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi, na kwamba asubuhi ile alikuwa ameamua kutokuja ibadani. "Basi nimejikaza nimekuja," alisema, "nikasikia kuna mama aliyeweza yote." Akaniaga, akaondoka na wanawe.

Insha hii ni jibu la swali lake. Nilirudi vitabuni kama nilivyoahidi, na nikaona kwamba nilikuwa nimehubiri nusu ya habari.

Kwanza tukumbuke Katharina alitoka wapi. Alizaliwa mwaka 1499, akapelekwa kwa watawa akiwa bado mtoto mdogo, na mwaka 1515 akaweka nadhiri katika nyumba ya watawa ya Nimbschen. Siku zile Kanisa lilikuwa na namna yake ya kupima wanawake. Walimu wa zamani waliuchukua mfano wa mpanzi katika Mathayo 13, ambapo mbegu zinazaa mia, sitini na thelathini, wakaugawa hivi: mia ni fungu la mabikira, sitini la wajane, na thelathini la walio katika ndoa. Kwa hesabu hiyo mama anayenyonyesha usiku alikuwa chini kabisa ya ngazi. Sala ya mtawa saa ya usiku ilihesabiwa kazi ya Mungu, lakini kilio cha mtoto saa ile ile kilihesabiwa shughuli ya dunia tu.

Usiku wa Pasaka mwaka 1523 Katharina na wenzake kumi na mmoja walitoroka Nimbschen kwa msaada wa Leonhard Kopp, mfanyabiashara wa Torgau aliyekuwa akiwapelekea watawa samaki. Tisa kati yao walifika Wittenberg. Tarehe 13 Juni 1525 Katharina aliolewa na Luther. Yeye alikuwa na miaka 26, Luther miaka 41.

Mwaka mmoja kabla ya kutoroka kwao, yaani 1522, Luther alikuwa amekwisha kuandika kitabu kuhusu maisha ya ndoa. Humo anasema jambo lililowashangaza wengi. Anamfikiria baba anayefua nepi za mwanawe, na majirani wanamcheka kuwa amegeuka mwanamke. Luther anasema Mungu, pamoja na malaika wake na viumbe wote, anamfurahia baba huyo, si kwa sababu ya nepi zenyewe, bali kwa sababu anafanya kazi hiyo kwa imani. Tena anamfundisha mama anayembembeleza mtoto na kumnyonyesha ajue kwamba hiyo ni kazi ya thamani mbele za Mungu. Hapo ile ngazi ya mia, sitini na thelathini ilivunjika. Mafundisho yetu ya Kilutheri kuhusu wito, kwamba mtu humtumikia Mungu pale alipowekwa, yalipita katika maji ya kufulia nepi.

Lakini tuangalie mwaka. Mwaka 1522 Luther alikuwa mtawa asiye na mke wala mtoto. Aliandika vizuri juu ya nepi ambazo hakuwahi kuzifua. Theolojia ilitangulia, mtoto akaja baadaye, na aliyepaswa kuyaishi maneno yale saa nane za usiku alikuwa Katharina.

Johannes, waliyemwita Hans, alizaliwa Juni 1526. Mwaka uliofuata tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena. Luther na mwenzake Johannes Bugenhagen walibaki kuwahudumia watu, na nyumba ya Luther ikawa kama hospitali. Katharina alikuwa mjamzito. Hans mdogo aliugua siku kadhaa hata hakula. Mke wa shemasi Georg Rörer alifariki katika kujifungua. Katikati ya hofu hiyo, tarehe 10 Desemba 1527, Katharina alijifungua binti, Elisabeth. Mtoto huyo alipotimiza miezi miwili, Februari 1528, kaka yake alikuwa na miezi ishirini, bado ni wa kubebwa. Elisabeth hakufika mwaka. Alifariki tarehe 3 Agosti 1528. Luther alimwandikia rafiki yake kwamba anashangaa jinsi moyo wake ulivyolegea kwa huzuni, kwamba hakujua moyo wa baba unaweza kuumia hivyo kwa ajili ya mtoto. Moyo wa mama haukuandikwa na mtu.

Tarehe 4 Mei 1529 akazaliwa Magdalena. Mwezi huo huo Katekisimo Ndogo ilitoka kama kitabu. Katekisimo tuliyojifunzia kipaimara, ambayo kila sehemu yake inauliza maana kama mtoto anavyouliza, ilitoka katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu na kichanga ndani yake. Tunajua nani aliiandika. Ni haki pia kukumbuka nani alikuwa akiwanyamazisha watoto ili iandikike.

Martin alizaliwa Novemba 1531, na Paul Januari 1533. Katharina alishika mimba ya Paul akiwa bado ananyonyesha Martin, na Luther alitania mezani kwamba ni vigumu kulisha wageni wawili, mmoja aliye ndani na mwingine aliye mlangoni. Wanafunzi waliokaa mezani waliandika utani huo, nasi tunao hadi leo. Mama yeyote aliyewahi kuwa katika hali hiyo atajua kwamba mzaha ule ulikuwa na mwili wa mtu ndani yake.

Mwisho akazaliwa Margarete, tarehe 17 Desemba 1534. Tusimame hapa, maana hapa ndipo swali la yule mama linapopata jibu. Februari 1535 Margarete ana miezi miwili. Paul ana miaka miwili, Martin mitatu, Magdalena mitano, Hans minane. Nyumba ni ile iliyokuwa makao ya watawa wa kiume wa Augustino, kubwa na yenye vyumba vingi, ambayo mtawala wa Saksonia aliwamilikisha rasmi mwaka 1532. Ndani yake wanaishi pia watoto yatima wa ukoo, wanafunzi wanaolipia chakula na malazi, na wageni wanaokuja na kwenda. Katharina ndiye anayesimamia fedha, jikoni, bustani, mifugo, na kupika bia, ambayo katika nchi ile ilikuwa kinywaji cha kawaida cha mezani.

Oktoba ya mwaka huo huo, Margarete akiwa na miezi kumi, Luther alimwandikia Justus Jonas kwamba Katharina anaendesha gari la mizigo, anaangalia mashamba, ananunua ng'ombe na kuwapeleka malishoni, anapika bia, na katikati ya hayo ameanza kusoma Biblia. Luther alikuwa amemwahidi gulden 50 akimaliza kabla ya Pasaka, naye alikuwa amekwisha kufika Kumbukumbu la Torati. Biblia nzima kwa Kijerumani ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia tu, 1534.

Hii ndiyo habari niliyoihubiri. Sasa nusu ya pili. Nani alikuwa anamshikia mtoto?

Alikuwapo Magdalena von Bora, shangazi yake Katharina, ambaye watoto walimwita Shangazi Lena. Naye alikuwa mtawa Nimbschen, naye alitoka, akaja kuishi kwao Wittenberg. Tunajua alikuwa na nafasi gani kwa watoto. Mwaka 1530 Luther alipokuwa Coburg wakati wa mkutano mkuu wa Augsburg, alimwandikia Hans, mwenye miaka minne, barua ya kitoto kuhusu bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, watoto wanaosali wanaoruhusiwa kuingia humo. Katika barua hiyo Luther anahakikisha kwamba Hans anaweza kumleta Shangazi Lena pia. Baba aliyekuwa mbali alijua kwamba mwanawe hataiona bustani hiyo kuwa nzuri kama shangazi huyo hayumo. Hapo utajua mikono iliyomlea ilikuwa ya nani. Shangazi Lena alifariki mwaka 1537, kwa hiyo watoto wote sita wa Katharina walizaliwa katika siku za uhai wake.

Tena walikuwapo watumishi wa kike na wa kiume. Katharina alifanya kazi kuliko wengi, lakini hakufanya peke yake, na hakuna barua inayosema alifanya peke yake. Sisi wahubiri ndio tuliowafuta wasaidizi wake ili sifa yake ing'ae.

Msaada mwingine ulitoka mbali. Juni 1530, huko huko Coburg, alifika Argula von Grumbach kumtembelea Luther. Huyu ndiye mwanamke aliyeandika barua mwaka 1523 kukitetea kijana wa chuo kikuu cha Ingolstadt aliyesumbuliwa kwa ajili ya imani ya Matengenezo. Mtu angedhani waliongea mambo ya mkutano wa Augsburg tu. Lakini siku chache baadaye Luther alimwandikia Katharina ushauri wa Argula wa kumwachisha ziwa Magdalena, aliyekuwa amemaliza mwaka: apunguze kunyonyesha mara moja kwa siku, kisha mara nyingine, mpaka mtoto aache kabisa pole pole. Mama mmoja aliyelea watoto wake alimpelekea mama mwenziwe maarifa kwa mkono wa Dakta wa theolojia, naye Dakta hakuona aibu kuyabeba. Katharina naye alimpelekea mumewe picha ya Magdalena, na mwandishi wake Veit Dietrich anaeleza kwamba Luther aliitundika ukutani mkabala na meza ya chakula.

Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Wittenberg ilikuwa hivyo hivyo.

Lipo jambo lingine katika historia hii ambalo linanisikitisha. Barua za Luther kwa mkewe zimehifadhiwa, kama 21. Barua za Katharina kwa Luther hazikuhifadhiwa hata moja. Maneno ya mezani ya Luther yaliandikwa na wanafunzi, yakakusanywa, yakachapishwa mwaka 1566. Chakula kilichokuwa juu ya meza ile kililiwa, sahani zikaoshwa. Luther alipofariki Februari 1546, wosia wake ulimtaja Katharina kuwa mrithi na mlezi wa watoto wao, lakini sheria ya Saksonia haikumruhusu mwanamke kusimama hivyo, wakawekwa wasimamizi. Vita ikaja, mashamba yakaharibiwa. Mwaka 1552, akikimbia tauni pamoja na watoto, alipata ajali ya gari la farasi, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba. Alikuwa na miaka 53. Nyumba iliyomheshimu ilikuwapo, lakini mkono wa Kanisa lililomsifu ulikuwa mfupi.

Siandiki haya ili kuwahukumu watu wa karne ya 16. Nayaandika kwa sababu yananihusu mimi. Mtoto wetu wa tatu alipokuwa na miezi miwili, mimi nilikuwa chuo cha theolojia. Muhula ule niliandika insha kuhusu Luther na wito, nikaeleza vizuri habari za nepi na malaika, nikapata alama nzuri. Niliporudi likizo nilimkuta jirani yetu, mama wa Kiislamu, anaanika nepi za mwanangu kwenye kamba. Mke wangu alinieleza kwamba mama yule alikuwa akija kila asubuhi kuwapikia uji wale wawili wakubwa na kuwapeleka shule, ili yeye alale kidogo. Nikauliza, je, wa usharika? Akasema walikuja siku ya kumpongeza, wakaomba, wakaimba, wakanywa chai. Tangu siku hiyo walikuwa wakituma salamu.

Kwetu Kilimanjaro wazee hawakuanza kujifunza jambo hili kwa Luther. Mama aliyejifungua alikaa ndani kama miezi mitatu, akilishwa vizuri, haendi shambani wala kukata majani ya ng'ombe. Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Leipzig aliyezaliwa Moshi, aliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Anaeleza kwamba miezi hiyo ikiisha mama alivikwa taji, akapelekwa sokoni, akapokewa kwa nyimbo walizopokelewa mashujaa wanaorudi vitani. Leo mama wengi wa mjini wanarudi kazini au sokoni kabla mtoto hajatimiza miezi hiyo, na hakuna wimbo unaowapokea. Desturi zimebadilika, na sisemi zirudi zote. Lakini tulipoziacha, tulipaswa kuuliza kazi ya mikono ile sasa itafanywa na nani.

Biblia yenyewe haikumwacha mama wa miezi miwili peke yake. Kutoka 2 inaeleza kwamba mama yake Musa alimficha mtoto miezi mitatu. Maandiko yanasema pia kwamba Haruni alikuwa mkubwa kwa Musa kwa miaka mitatu, na kwamba walikuwa na dada. Basi Yokebedi alikuwa na kichanga asiyetakiwa kulia, na mwingine wa miaka mitatu anayetaka kuuliza kila kitu, katika nyumba ambayo askari wa Farao wangeweza kuingia. Mtoto alipowekwa mtoni, dada yake ndiye aliyesimama mbali akaangalia, naye ndiye aliyesema na binti Farao hata mtoto akarudi kunyonyeshwa na mama yake mwenyewe. Tunapohesabu waliomwokoa Musa, tumhesabu na binti yule aliyesimama pale.

Mpendwa msomaji, Matengenezo ya Kanisa yalitufundisha kwamba kazi ya mama ni takatifu. Fundisho hilo ni kweli nasi tulishike. Lakini linaweza kutumika vibaya. Tukimwambia mama kwamba kazi yake ni takatifu, kisha tukaenda zetu nyumbani kulala, tumefanya neno la Mungu kuwa kisingizio. Ikiwa kufua nepi ni ibada, kwa nini tumemwachia mtu mmoja aifanye peke yake? Ibada huitikiwa na kusanyiko. Na ikiwa Mungu humfurahia baba anayefua, akina baba wa usharika hatuna haja ya kuogopa kicheko cha majirani.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa yule mama, pamoja na mke wangu na mama wawili wa jumuiya yake. Nilimwambia nimeleta jibu. "Aliitwa Shangazi Lena," nikasema, nikamsimulia habari zake kwa ufupi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa mimi Lena wangu yuko wapi?" akauliza.

Mmoja wa wale mama, mjane wa miaka zaidi ya sitini, hakujibu kwa maneno. Alimpokea mtoto, akamfunga kwa khanga yake, akatoka nje kumbembeleza. Mwenzake akaenda jikoni. Mke wangu akakaa na yule wa miaka miwili na nusu. Mimi nikaonyeshwa beseni lilipo. Mama mwenyewe alilala saa mbili na nusu, na tulipokuwa tunaondoka mjane yule alimwambia atakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba siku nyingine jumuiya itapanga zamu.

Wamepanga. Jina langu liko Alhamisi.